Themostati ya Ndege ya Odhiambo

Nyinyi vijana wa hapa gereji mnanicheka kwa sababu nikimpelekea mteja gari lake naingia getini kwake nikiimba. Najua mnaniiga nikishageuza mgongo. Sauti yangu ni mbaya, sikatai. Hata kanisani waliniondoa kwaya kwa upole, wakanipa kazi ya kupokea wageni mlangoni. Lakini kuimba kwangu kuna sababu, na sababu yenyewe ni ndege. Vuteni hizo kreti mkae, gari la watu halitakimbia.

Ndiyo, ndege. Mimi Mutua, fundi wa hapa Gatina, Kawangware, niliwahi kufunga injini kwenye ndege, na ile ndege ikapaa. Nimewaambia zaidi ya mara moja mkadhani ni uzee unaongea.

Kwanza mjue injini yenyewe. Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Kilonzo, mtu wa Kitui, mfupi na mwenye hasira za karibu. Sheria yake ilikuwa moja: mkono kwanza, spana baadaye. Gari likija, unaweka kiganja kwenye injini, kwenye redieta, kwenye kila mpira wa maji, unasikia palipo na moto na palipo na baridi. Ukishika spana kabla ya hapo, anakupokonya na kukugonga nayo vidoleni. Nyinyi mnachomeka ile mashine yenu ya kusoma hitilafu, inawaletea namba, mnakimbia kununua spea. Sisemi mashine ni mbaya. Nasema haina kiganja.

Basi siku moja mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana fulani akaleta gari la Kijapani la milango miwili, la chini kama kiatu, likivutwa kwa kamba. Alikuwa amelinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Mzee Kilonzo akafungua injini, akachungulia, akachungulia tena. Hakuna vali. Hakuna pistoni. Akasimama, akafuta mikono polepole, akamwekea yule kijana mkono begani.

"Kijana wangu, pole. Umeibiwa."

Kijana aliketi chini palepale. Mchana kutwa gereji nzima ilikuwa mahakama. Nani aliyelinda gari usiku? Nani aliyeonekana na gunia zito? Mlinzi wa gereji ya jirani, maskini, alipekuliwa hadi kitanda. Ni mimi niliyefungua sahani za chuma zilizounda ile injini, moja baada ya nyingine, nikakuta ndani kitu cha pembe tatu, mbavu zimevimba, kinazunguka kwenye chumba chenye umbo la ganda la njugu. Na nyuma yake kingine kama hicho. Hapo ndipo tulipojua kwamba hakuna kilichoibiwa, injini ilizaliwa hivyo. Mzee Kilonzo alikaa mbele yake hadi chai ikapoa. "Huyu aliyeiunda," akasema, "alikuwa amekosana na pistoni."

Kuanzia hapo nikawa fundi wa injini ya pembetatu. Kawangware hii yote, na hata Kibera, ikionekana moja inaletwa kwangu. Nilijifunza kwamba kwenye kila ncha ya ile pembetatu kuna kipande chembamba cha chuma kinachoziba moshi usipite, na ukikiweka vibaya injini haiwaki hata uiombee. Nilijifunza pia kwamba adui yake ni joto. Injini ya kawaida ikichemka unaweza kuimwagia maji, ukaomba msamaha, mkaendelea na safari. Hii ikichemka kabisa, ile mipira iliyo kati ya maji na moto inaiva, na hakuna msamaha. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Sasa Odhiambo. Alikuwa akikaa Olympic, pale pembeni mwa Kibera, na maisha yake yote alikuwa fundi wa ndege. Ndege ndogo alijua pia kuzirusha na alikuwa na leseni. Alipostaafu akaanza kujijengea yake nyuma ya nyumba, ya mbao na kitambaa, ya kiti kimoja. Kwa miaka majirani walidhani ni mtumbwi, kwa kuwa yeye ni mtu wa ziwani. Walimwuliza ataufikishaje Kisumu. Alikuwa akiwajibu kwamba utaenda wenyewe.

Alinifuata Gatina akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Injini halisi ya ndege hakuiweza bei. Alikuwa amesikia habari zangu na za ile injini.

"Lakini mzee, hii ni ya gari," nikamwambia.

"Najua. Wewe sikia. Pistoni ikikasirika inatoboa bloku inatoka nje, na propela inasimama hapo hapo. Hii ya pembetatu ikiugua inalalamika kwanza. Nguvu inapungua polepole. Inanipa nafasi ya kutafuta shamba la mtu nishuke."

Nilimwona ni mtu aliyefikiri juu ya kuanguka kwa utulivu mkubwa, nikamkubalia.

Injini tuliitoa kwenye gari lililogongwa nyuma, nikaifumua na kuifunga upya mwenyewe, kisha tukaipeleka Olympic kwa mkokoteni, imefunikwa gunia. Pale Dagoretti Corner askari akatusimamisha, akauliza tumebeba nini. Mwenye mkokoteni, mtu asiyejua kudanganya, akajibu, "Injini ya ndege." Askari alicheka mpaka akashika kofia, akatupungia mkono twende zetu.

Kazi ya kuifunga ilitushinda akili mara nyingi. Injini ile inazunguka kwa kasi kuliko propela inavyoweza kustahimili, kwa hivyo kati yao tuliweka giaboksi ndogo ya kupunguza mwendo. Tulichomelea kitanda cha mabomba cha kuishikilia, tukakiweka, pua ya ndege ikalemea mbele. Tukaisogeza nyuma kidogo, tukachomelea upya. Kila kipande cha chuma nilichoona ni kidogo tu, Odhiambo alikipima na kuniuliza kina kazi gani. Kisichokuwa na jibu tulikikata. Na nati zote, vijana, kila moja ilitobolewa ikafungwa waya ili isilegee. Nilinung'unika. Mimi na gereji yetu tulikuwa tunakaza nati kwa spana na imani.

"Gari lenu nati ikilegea, mnasimama kando ya barabara," akaniambia bila kuinua macho. "Huko juu kando ya barabara haiko."

Nikachukua waya mwingine.

Mkewe, Mama Achieng', alitupikia kila siku lakini hakukaribia ndege hata mara moja. Chakula alikiweka mlangoni, akaita, akarudi ndani. Alasiri moja aliniita jikoni peke yangu. Alikuwa akikaanga samaki na aliendelea kukaanga.

"Mutua, wewe ndio unaweka hiyo injini?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi nitakuambia wewe. Huyu mzee hawezi kusikia mtu. Atapanda hiyo kitu, na mimi siendi kusimama kwa nyasi nikiangalia. Nitakuwa hapa. Kukitokea maneno, usinipigie simu. Usitume mtoto wa mtu. Kuja wewe mwenyewe. Ingia, vuta kiti, ukae chini, halafu uniambie ukiwa umekaa. Umesikia?"

Kwa watu wa kwao, na hata kwetu Ukambani, habari ya msiba haisemwi kwa kusimama mlangoni kama mtu anayeuliza njia. Nilimwambia nimesikia. Samaki wa siku hiyo sikuwamaliza. Kabla ya hapo nilikuwa nafunga injini, na baada ya hapo nilikuwa nimebeba mume wa mtu.

Redieta zilitengenezwa na Okoth, fundi wa Kisumu Ndogo, kule ndani ya Kibera, jirani na wauza omena, wale dagaa wa ziwani. Kwa kuchomelea redieta sijaona mwingine kama yeye. Alikata mbili za magari madogo, akaziunganisha zikae tumboni mwa ndege, nyembamba na nadhifu. Alikuja kuzifunga mwenyewe siku ambayo mimi nilikuwa Kawangware.

Tukawasha. Injini ikaitika vizuri, ikavuma kama mzinga wa nyuki, na majirani wakatoka nje wakakubali kwamba si mtumbwi. Tukafurahi mpaka mshale wa joto ulipoanza kupanda. Ukapanda, ukapanda, Odhiambo akazima haraka. Tukaiacha ipoe, tukawasha tena, ukapanda vilevile. Tukaongeza maji. Tukabadilisha pampu. Tukaweka bati la kuelekeza upepo kwenye redieta, tukalitoa, tukaliweka upande mwingine. Mshale haukujali.

Mkaguzi wa ndege wa serikali alikuwa ameshatuambia wazi: hatatia saini mpaka aione injini ikinguruma kwa nguvu zote, chini, muda mrefu, bila joto kupita mstari. Mimi nilimshukuru kimoyomoyo. Odhiambo naye alikuwa ameanza kusema maneno yaliyonitisha. "Labda huko juu upepo utakuwa mwingi, itapoa." Nilimwambia neno "labda" si nati, haliwezi kufungwa waya.

Hapo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Tulipozima mara nyingine, niliweka spana chini, nikaweka kiganja. Injini huwezi kuigusa. Nikashuka tumboni mwa ndege, nikashika redieta. Zilikuwa vuguvugu, vuguvugu tu, maji ya kumwogesha mtoto.

"Mzee, hebu shika hapa," nikasema. "Injini inachemka na redieta hazina habari. Maji hayafiki huku."

"Basi Okoth ameziba njia na risasi ya kuchomelea," akasema Odhiambo.

Akaitwa Okoth. Alikuja kwa miguu kutoka Kisumu Ndogo, na kila hatua alikuwa akiongeza hasira. Mtu akimwambia fundi wa redieta kwamba redieta yake imeziba ni kama amemtukania mama.

"Hizi? Zimeziba?" Akafungua mpira, akamimina maji juu, yakatoka chini kwa kishindo. "Ziko wapi zimeziba? Mimi niliwafanyia kazi safi, na hata themostati niliwatolea bure, sikuwadai kitu."

Odhiambo aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Ulitutolea nini?"

Vijana, hapo lazima niwaambie ukweli wa wakati ule. Nairobi nzima, gari likiingia gereji kwa shida ya kuchemka, cha kwanza ni kutoa themostati, kile kidude kinachokaa kwenye njia ya maji kama mlango, kinajifunga injini ikiwa baridi na kujifungua ikipata moto. Tulisema ni cha nchi za theluji. Kukitoa ilikuwa wema, kama kumtolea mtu mwiba. Okoth aliona injini inaenda kwenye ndege, akataka kutupa zawadi. Na ningekuwapo siku hiyo ningemwambia asante.

Lakini injini ya pembetatu ina ujanja wake. Themostati yake ina sahani mbili. Ile ya juu ikifungua njia ya kwenda redieta, ya chini inashuka na kuziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Na maji ni mvivu kama nyinyi, yakiona njia fupi hayaendi ile ndefu. Maji yetu yalikuwa yanazunguka ndani ya injini yakichemshana yenyewe, na redieta nzuri za Okoth zimekaa kule chini zikingoja wageni. Hata angepaa juu kwenye upepo wote wa Mungu, ingechemka. Nilipolielewa hilo nilikitazama kile kiti kimoja cha ndege, kwa sababu nilijua angekuwa wapi wakati huo.

"Uliitupa?" nikamwuliza Okoth.

"Mimi situpi kitu."

Tukaenda kwake wote watatu. Juu ya mlango wa kibanda chake kulikuwa na waya mrefu, na kwenye waya ametunga themostati za miaka yote, kama mtu anayekausha samaki. Huo ndio uliokuwa kibao chake cha biashara. Tukaushusha ule waya, tukaanza kuchambua moja moja, tukitafuta yenye sahani ya chini. Tulizipata zenye sahani hiyo zaidi ya moja, na Okoth hakukumbuka ipi ni yetu. Dukani hazikuwapo. Odhiambo akasema hapandi na mlango ambao hajauona ukifunguka.

Mama mmoja muuza omena alikuwa na jiko linawaka na sufuria ya maji ya ugali. Tukamwomba. Tukazifunga zile themostati kwa uzi, tukazitumbukiza, tukainama wanaume watatu juu ya sufuria.

"Mnapika nini?" akauliza yule mama.

"Themostati," akasema Okoth.

Akachungulia. "Mtakula na nini?"

Ya kwanza haikufunguka kabisa. Nyingine ilifunguka nusu ikakwama. Kisha moja, maji yalipoanza kutoa mvuke, ikaanza kuachama polepole, sahani ya juu ikafunguka na ile ya chini ikashuka, kwa adabu kabisa. Tukaitoa ikajifunga. Tukairudisha ikafunguka. Odhiambo aliitazama akitabasamu, akasema kwa Kijaluo neno ambalo Okoth alikataa kunitafsiria. Yule mama alitulazimisha kununua omena, maana maji yake tulikuwa tumeyaharibu.

Tuliifunga themostati mahali pake, tukawasha. Mshale ukapanda, ukafika pale katikati, ukakaa. Niliukodolea macho nikingoja uniaibishe. Ukakaa tu. Niliweka kiganja kwenye redieta nikakitoa mbio, nimeungua, na sijawahi kufurahia kuungua namna ile. Mkaguzi alikuja, akasikiliza, akazunguka, akavuta nyaya za nati moja moja, akatia saini.

Siku ya kupaa tulikuwa kwenye uwanja wa nyasi wa mfugaji mmoja huko Kitengela, ndege imepelekwa vipande vipande kwa lori na kuunganishwa. Kulikuwa na ng'ombe wa kufukuzwa kwanza. Odhiambo alivaa lile shati lake jeupe, akapanda, akanitazama mara moja, akafunga mkanda.

Sitawaambia nilikuwa jasiri. Ile ndege ilipoacha ardhi, niliinamisha macho chini. Alizunguka uwanja juu yetu, na sikuitazama ndege, niliisikiliza. Kila mvumo ulipobadilika kidogo nilimwona Mama Achieng' akikaanga samaki. Okoth alikuwa kando yangu akiomba kwa lugha zote alizojua. Kisha ikainama, ikashuka, ikagusa nyasi, ikaruka kidogo kama mbuzi, ikagusa tena, ikakaa. Nililia, na sioni haya kuwaambia. Nililala chali kwenye nyasi nikalia. Mzigo niliokuwa nimeubeba tangu ile siku ya jikoni ulishuka wote pamoja na ile ndege. Okoth alicheza, na kabla injini haijapoa alikuwa ameshamweleza mfugaji kwamba siri yote ni themostati.

"Mutua," Odhiambo akaniita, bado yuko kwenye kiti chake, "chukua pikapu ya huyu bwana ukaniletee mama. Mwambie nataka aone."

Nikaenda. Njia nzima nilikuwa mtu mwepesi. Dereva alinishusha getini, nikaingia peke yangu. Mama Achieng' alikuwa ameketi nje kwenye kivuli cha ukuta akichambua mboga za managu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pikapu tangu Kitengela, mdomo umejaa vumbi. Nikaona kiti. Nikakivuta, nikaketi.

Mkono wake ukasimama juu ya managu.

Alikuwa akinitazama, na uso wake ulikuwa unakwenda mbali, na mimi mjinga nikawa natafuta pumzi niseme. Ndipo nilipojiona nilivyo: nimekuja mwenyewe, nimeingia, nimevuta kiti, nimekaa. Nikaruka kiti kikaanguka.

"Mama, ameshuka! Ameshuka mzima! Anakunywa soda!"

Alinirushia sufuria ya managu. Sitanii, yote, pamoja na maji. Kisha akafunika uso kwa leso akalia, akacheka, akalia tena, na mimi nimesimama pale na majani kichwani nikiomba msamaha. Alipanda pikapu akiwa na ndala za nyumbani. Tulipopita Lang'ata akanigeukia.

"Siku ingine ukiniletea habari nzuri, Mutua, imba kuanzia getini."

Nimeimba tangu siku hiyo. Odhiambo aliirusha ile ndege miaka kadhaa, akanichukia kwa sababu nilikataa kumfungia injini kubwa zaidi, tukapatana. Alikufa mzee, hospitalini, kitandani, miguu yake ikiwa chini ya paa. Nilikuwa naye. Nilipofika Olympic siku ile niliingia getini kimya. Mama Achieng' alinitazama kutoka mlangoni, akaenda mwenyewe akaleta kiti.

"Keti, Mutua," akasema.

Haya. Lile gari la mwalimu limeisha? Mmeweka kiganja au mmeuliza mashine tu? Leteni ufunguo nilipeleke mwenyewe. Yule mama amekuwa na wasiwasi nalo tangu Jumatatu, na nataka anisikie kabla hajaniona.